Nisingemfuata Tembo, Ningemsubiri Mtoni

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Ukipewa siku nne na kamera, ungekwenda mbuga gani kupiga picha za wanyama, na ungejipangaje?" Jibu langu ni Tarangire, mwezi wa tisa, siku zote nne, na nisingehama hata nikipigiwa simu kwamba Seronera, katikati ya Serengeti, kuna chui amelala barabarani. Najua wengi mtaandika Serengeti, kwa hiyo nipeni nafasi nijieleze.

Mimi ni mpiga picha wa harusi, send-off na kipaimara hapa Arusha, mwaka wa kumi na saba sasa. Katika kazi yetu kuna jambo unalijua mapema, la sivyo huitwi tena: ukimkimbiza bibi harusi ukumbini utaambulia mgongo na shela. Aliyeizoea kazi huuliza mapema bibi harusi ataingilia mlango upi, akasimama pale, akapima mwanga, akangoja. Cha ajabu, mara ya kwanza nilipokwenda mbugani somo hilo lote nililiacha nyumbani.

Ilikuwa 2016. Tulichanga watu sita, tukakodi gari, na kwa siku nne tukapanga mbuga nne: Manyara, Ngorongoro, Serengeti, kisha Tarangire. Serengeti tulifika jua la utosi, tukaondoka kesho yake kabla ya saa nne asubuhi. Nilirudi na picha zaidi ya elfu moja. Zilikuwa makalio ya pundamilia, simba wa mbali waliofanana na mawe (mmoja alikuwa jiwe kweli), na kisogo cha shemeji yangu katika pembe zote. Picha za maana zilikuwa mbili, na zote nilizipata siku ya mwisho, Tarangire, kwa sababu gari lilipata pancha mbili na spea ilikuwa moja. Tulikaa karibu na mto saa tatu nzima tukisubiri msaada. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilikuwa nimekaa, bila kupenda, mlangoni pa bibi harusi.

Tulichokiona ni hiki. Mwezi wa tisa Mto Tarangire sehemu nyingi ni mchanga, maji ni uzi mwembamba tu katikati. Familia ya tembo ilishuka ukingoni, jike mkubwa akiwa mbele. Hakwenda kwenye yale maji ya juu yaliyokwisha kuvurugwa. Alichagua mahali pakavu kabisa, akaanza kukwangua kwa mguu wa mbele, akatoa mchanga kwa mkonga, akakwangua tena. Kisha akasimama tu. Alikuwa anangoja shimo lijae maji yaliyochujwa na mchanga. Yalipopanda akanywa polepole, mkonga umezama hadi nusu. Mtoto wake alijaribu kupenyeza mkonga pembeni, akasukumwa, akarudi, akapiga magoti. Nyuma yao nyani na pundamilia walikuwa wanangoja zamu kama watu kwenye bomba la mtaa. Tembo walipoondoka, shimo likawa la wote.

Tangu siku hiyo, nikipanga safari ya picha siulizi kwanza mbuga gani ina simba wengi. Nauliza: mwezi huu mnyama analazimika kwenda wapi? Tarangire ina ukubwa wa kilomita za mraba 2,850 hivi, lakini kiangazi kikikaza, mto huo ndio maji ya kutegemewa eneo lote lile. Mvua zikinyesha wanyama hutawanyika: wengi hutoka nje ya hifadhi kwenda nyanda za Simanjiro, wengine hupita upande wa kijiji cha Kwa Kuchinja kuelekea Manyara. Kisha kuanzia mwezi wa saba hivi wanarudi, na kufikia wa tisa hifadhi nzima inakuwa kama imekunjwa ikawekwa kando ya mto. Rafiki yangu alikwenda mbuga hiyohiyo wakati wa Pasaka. Alikuta nyasi zimefika usawa wa dirisha, swala pala wachache, na mbung'o. Akaniambia Tarangire haina kitu. Ina kitu, ila alifika ukumbini wakati harusi imehamia Simanjiro.

Swali hilohilo litakupeleka kwingine likizo yako ikiangukia mwezi mwingine. Februari ningekwenda Ndutu, kusini mwa Serengeti, maana kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Machi nyumbu huzalia kwenye zile nyanda za nyasi fupi. Udongo wa kule umetokana na majivu ya volkano, na nyasi zake zina madini anayoyahitaji mama anayenyonyesha. Isitoshe, kwenye nyasi fupi simba na fisi hawana pa kujificha. Ndugu zetu wa Kenya wanayo Amboseli, ambako hata ukame ukija maji hayakosekani, kwa sababu maji ya Kilimanjaro hupita chini ya ardhi na kuibukia kwenye vinamasi vyake. Tembo huingia vinamasini asubuhi na kutoka jioni, na mlima uko nyuma yao, mradi uwahi: ikifika katikati ya asubuhi mara nyingi umeshajifunika mawingu. Mtu wa Dar es Salaam asijitese kuja huku kaskazini kwa siku mbili. Apande treni ya SGR hadi Morogoro, akodi gari, aingie Mikumi wakati wa kiangazi.

Na kule nyumbu wanakovuka Mto Mara? Nimefika mara moja, upande wa Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, mwezi wa nane. Tulisubiri saa tano. Nyumbu walisogea ukingoni, wakarudi, wakasogea tena, na kila waliposogea magari yalikimbilia kwenye nafasi hadi njia yao yenyewe ikazibwa. Siku hiyo hawakuvuka. Sisemi msiende, nasema kwa siku nne, na kwa hela yenyewe ilivyo ya kudunduliza, mimi sitaiweka kwenye bahati ya namna hiyo.

Sasa mpango wenyewe. Kutoka Arusha hadi geti la Tarangire ni kilomita 120 hivi, lami karibu njia yote, kwa hiyo wengi hufikiri watalala mjini na kudamka. Ukifanya hivyo umeshaipoteza asubuhi. Magari yanaanza kutembea hifadhini saa kumi na mbili, jua linachomoza muda mfupi baadaye, na huku kwetu karibu na ikweta halichelewi kupanda. Mwanga laini unaisha haraka kuliko chai. Lala ndani, hata kama ni kwenye hema katika kambi ya umma, walau usiku mbili. Usiku mwingine unaweza kulala nje, Kwa Kuchinja, kupunguza gharama.

Mto unatiririka kuelekea kaskazini kabla haujakata kwenda Ziwa Burunge. Kwa mpiga picha hilo si jambo dogo: asubuhi ukikaa upande wa mashariki wa mto jua liko mgongoni mwako na tembo wanang'aa mbele yako, jioni hamia upande wa magharibi. Ukitaka vumbi ligeuke dhahabu, fanya kinyume, elekea jua, ukubali kwamba nusu ya picha zitaharibika.

Vitabu vya upigaji picha vitakwambia mchana ulale. Shida ni kwamba tembo hawajavisoma. Wengi huja mtoni saa tano, saa sita, saa nane, jua likiwa kali kweli. Basi saa hizo usipige wa mbali, maana joto linalopanda kutoka ardhini hutetemesha picha na hakuna lenzi ya bei yoyote itakayolitibu. Piga wa karibu: ngozi yenye tope, kope, ncha ya mkonga, mikunjo ya goti. Nyingi nazigeuza nyeusi na nyeupe baadaye, na ule mwanga mkali unakuwa ndio faida.

Kwenye gari, chukua Landkruza yenye paa la kuinuka ukiweza, maana Noah ya kukodi ina madirisha ya chini na haina mahali pa kusimama. Watu wanne wanatosha, kila mmoja na dirisha lake. Na wote wawe wa picha. Usimchanganye mpiga picha na mtu anayetaka kula saa saba kamili. Nawapenda shemeji zangu, lakini siwachukui tena.

Kabla hujalipa, zungumza na dereva, si ofisi tu. Mwaka jana nilimwambia mzee aliyetuendesha, "Mzee, mimi sitafuti simba. Nataka tukae mtoni."

Akanitazama kwenye kioo. "Mama, yaani umelipa gari ili likae?"

"Ndiyo, mzee. Nimelipa likae."

Alicheka hadi Makuyuni. Lakini siku ya pili yeye ndiye aliyekuwa ananifundisha. Alisoma nyayo, akatazama upepo, akasema, "Hawa watashukia pale penye mkuyu," akaegesha kando, mbali kidogo na njia yao, akazima injini. Hilo la kuzima injini lisisitize, kwa sababu mtikisiko wake unaingia kwenye picha. Na la kutoziba njia ya tembo ya kwenda majini ni la usalama kuliko la adabu. Ukiona dume anachuruzika majimaji kando ya macho na miguu ya nyuma imelowa mkojo, yuko kwenye joto la kutafuta jike: mpisheni mapema. Tena usimsihi dereva aiache barabara ili usogee. Tarangire hairuhusiwi, na faini na aibu vinamwangukia yeye, wewe umeshaondoka na picha.

Kuhusu vifaa sina mengi. Ninatumia lenzi ya kuvuta ya milimita 70-300 niliyoinunua mkononi mwa mtu, na kwa tembo mara nyingi hata 300 ni kubwa mno. Ukiwa na hela ya ziada, ongeza siku ya tatu au ya nne kabla ya kuongeza lenzi. Kasi ya shata isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde kwa mnyama anayetembea. Kwa ndege anayeruka, panda zaidi. Betri tatu. Kanga ya kuifunika kamera, maana vumbi la mwezi wa tisa ni kama unga wa muhogo, na usibadilishe lenzi gari likiwa linatembea. Nguo zisiwe nyeusi wala za buluu: mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo, na sababu yake utaijua kwenye shingo yako. Zile za mabaka kama za jeshi ziache kabisa, hapa kwetu raia haruhusiwi kuzivaa. Droni nayo iache nyumbani, haitakiwi hifadhini bila kibali maalumu. Getini hawapokei fedha taslimu, kwa hiyo malizaneni na malipo mapema. Sisi wa Afrika Mashariki tunalipa kwa kiwango cha chini sana kuliko wageni, basi beba kitambulisho. Na andika saa uliyoingia, kwani muda wa kiingilio huhesabiwa tangu saa hiyo.

Kifaa ninachokithamini kuliko vyote nilikishona mwenyewe. Ni mfuko wa kitenge, ukubwa wa mto wa mtoto, wenye zipu upande mmoja. Naondoka nao mtupu. Njiani nanunua maharage kilo mbili, namimina, nauweka juu ya paa au kwenye dirisha, na lenzi inalala juu yake kama kuku anayeatamia. Stendi ya miguu mitatu ndani ya gari ni usumbufu mtupu, kila anayegeuka anaipiga teke.

Siku nne za mwaka jana nilipiga picha pungufu ya zile za 2016, na nimechapisha kumi na moja. Moja iko ukutani studio kwangu, katikati ya maharusi: mkonga ndani ya shimo la mchanga, na mkonga mwingine mdogo unanyemelea pembeni. Wateja huniuliza nilikuwa na lenzi gani. Nawaambia nilikuwa na maharage. Tuliyapika jioni ya mwisho Kwa Kuchinja, na mzee alipofika kijiko cha pili akatafuna kitu, akasimama, akatema punje ya mchanga wa Tarangire kiganjani.

Msomaji wenu,
Mama Picha, Arusha