Jibu: Doa jeusi ndani ya jicho, je, ni saratani?

Pole kwa mshtuko, dada. Umeenda kupimwa miwani tu, unarudi na habari ya doa jeusi nyuma ya jicho na agizo la kurudi baada ya miezi sita! Lakini daktari hakukuficha kitu. Hilo ni baka kama yale ya kwenye ngozi, ila limeota kwenye koroidi, tabaka la mishipa ya damu lililo chini ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga). Ndiyo maana kwenye kioo hulioni. Mengi hayaleti shida maisha yote, na linalogeuka saratani ni moja kati ya maelfu.

Kinachofuatiliwa ni mabadiliko. Daktari anaangalia kama doa limenenepa kupita milimita 2, kama lina majimaji juu yake, kama lina rangi ya machungwa, na kama liko karibu na neva ya jicho. Unene hupimwa kwa ultrasaundi. Picha ya doa hilo, kwangu mimi, ndiyo muhimu kuliko vyote: omba nakala uitunze mwenyewe, maana ukibadilisha kliniki, daktari mpya hana cha kulinganisha. Lisipobadilika, kwa kawaida utahamia kupimwa mara moja kwa mwaka.

Siku ya kipimo usiendeshe gari. Dawa ya kutanua mboni huacha ukungu kwa saa kadhaa.

Ukiona mimweko ya mwanga, kivuli, au mistari iliyonyooka ikipinda, usingoje hiyo miezi sita. Nenda mara moja.