R710 inaishia dracut baada ya update, 2950 inapiga kernel panic: ni magonjwa mawili tofauti

Mkuu, nimesoma maelezo yako yote. Una seva ya Dell PowerEdge R710 yenye Xeon X5650 mbili na kadi ya RAID (inayosimamia diski) ya PERC H700, na Rocky Linux 9 uliyoisakinisha kwa msaada wa diski ya draiva ya ELRepo (hazina ya nje ya draiva na kerneli). Umepiga dnf update, ukawasha upya, mashine ikazubaa dakika kadhaa kisha ikakutupa kwenye dracut:/# (mstari wa dharura wa dracut, programu inayoandaa mfumo kabla diski kuu haijafunguliwa). Ukachukua flashi ileile ya kusakinishia ukaijaribu kwenye seva ya PowerEdge 2950 iliyokuwa imekaa bure, nayo ikagoma na "Kernel panic - not syncing: Attempted to kill init! exitcode=0x00007f00". Kwenye majibu ya juu umeambiwa RAM, umeambiwa flashi mbovu, umeambiwa betri ya kadi, na umeshaanza kuulizia bei ya kadi nyingine ya RAID.

Usinunue kitu kwanza. Matatizo hayo mawili hayahusiani, na kwa dalili ulizotoa hakuna kifaa kilichokufa. Mfumo ndio umeacha kuvitambua vifaa hivyo.

Tuanze na R710. Kuanzia toleo la 8 la mwaka 2019, Red Hat walipunguza orodha ya kadi ambazo draiva ya megaraid_sas inazikubali. Draiva yenyewe ipo palepale, ila namba za kadi za zamani zimefutwa ndani yake. H700 inatumia chipu ya LSI SAS2108, namba yake ya PCI ni 1000:0079, na imo kwenye zilizofutwa. PERC 5/i na 6/i zimo pia. H200 inatumia draiva nyingine, mpt3sas, lakini yamemkuta yaleyale. Rocky inamfuata Red Hat nyayo kwa nyayo, kwa hiyo kerneli yake inaiona kadi kwenye PCI, inakosa draiva ya kuishika, diski hazijitokezi, na dracut inakaa kusubiri UUID (kitambulisho cha diski) ambayo haitakuja. Ile mistari ya "dracut-initqueue timeout" uliyopiga picha ni matokeo tu. Chanzo kilishapita muda mrefu kabla yake, tena kimya kimya.

Swali la haki ni hili: mbona iliwaka vizuri mpaka siku ya update? Kwa sababu ulikuwa unatumia kmod-megaraid_sas ya ELRepo, yaani draiva ya nje inayozijua kadi hizo, bila kuitilia maanani. Kifurushi hicho hujengwa kwa toleo dogo moja, tuseme 9.3. Kerneli mpya ya 9.3 ikiingia, skripti ya weak-modules inapima kama moduli bado inaafikiana nayo, ikiafikiana inaweka kiungo ndani ya /lib/modules/<toleo>/weak-updates. Ukivuka kwenda 9.4, kerneli inaweza kuwa imebadilika kiasi cha kutoafikiana. Hapo weak-modules haiweki kiungo, wala haikuzuii kuendelea. Dracut nayo inatengeneza initramfs (faili la kuwashia lenye draiva za mwanzo) kwa draiva inayoikuta, yaani ile ya Rocky isiyoijua H700. Dnf inakuandikia "Complete!" na wewe unawasha upya kwa amani.

Kabla ya kuniamini, hakikisha mwenyewe. Ukiwa kwenye dracut:/# andika:

cat /proc/partitions
cat /sys/bus/pci/devices/*/modalias
lsmod

Kwenye orodha ya kwanza hutaona sda. Kwenye ya pili tafuta kwa macho mstari unaoanza na pci:v00001000d00000079. Ukiuona, kadi iko hai na kerneli inaiona, kwa hiyo achana na habari ya kununua nyingine. Kwenye lsmod, megaraid_sas haitakuwepo, maana hakuna kilichoiita. Mstari ule wa PCI usipokuwepo kabisa, hapo ndipo unazima mashine, unachomoa nyaya za umeme, unaichomoa kadi na kuirudisha vizuri kwenye sloti yake, kisha unaangalia kama wakati wa kuwaka inakupa nafasi ya kubonyeza Ctrl+R (menyu ya kadi). Isipojitambulisha hapo, kweli ina tatizo.

Dawa yake inaanzia GRUB, menyu ya kuchagua kerneli wakati wa kuwaka. Washa upya, bonyeza Esc mapema menyu itokee (Rocky huificha), chagua kerneli iliyotangulia. Kwa kawaida dnf inabakiza kerneli 3, na initramfs ya ile ya zamani bado ina moduli sahihi ndani yake. Ikikubali kuwaka, kitu cha kwanza kabisa kabla hujagusa kifurushi chochote ni nakala ya hiyo initramfs:

cp /boot/initramfs-$(uname -r).img /root/

Watu wengi wanairuka hatua hii na wanajuta. Ukisasisha kmod kwenda ile ya 9.4, ya 9.3 inaondolewa, na mfumo unaweza kuijenga upya initramfs ya kerneli ya zamani bila moduli. Unajikuta umepoteza hata ile kerneli iliyokuwa inawaka. Ukiwa na nakala unairudisha /boot na maisha yanaendelea, kwa sababu moduli ya diski inatoka ndani ya initramfs.

Baada ya hapo:

df -h /boot
dnf --enablerepo=elrepo update kmod-megaraid_sas
modinfo -k <toleo jipya> -n megaraid_sas
modinfo -k <toleo jipya> -F alias megaraid_sas | grep d00000079

Amri ya tatu inapaswa kukuonyesha njia yenye weak-updates au extra. Ikikuonyesha kernel/drivers/scsi/megaraid, bado unatazama draiva ya Rocky. Ya nne lazima itoe mstari. Isipotoa chochote, ELRepo hawajatoa kmod ya toleo lako dogo, kwa hiyo baki kwenye kerneli ya zamani mpaka itoke. Hakuna ujanja wa kulazimisha hapo, na force ya modprobe ikikubali inaweza kukuharibia data.

Mistari yote ikiwa sawa, jenga initramfs na uikague kwa macho:

dracut -f --kver <toleo jipya>
lsinitrd /boot/initramfs-<toleo jipya>.img | grep megaraid

Hapa tena unataka kuona weak-updates au extra. Kisha usiiweke kerneli mpya kuwa chaguo la kudumu papo hapo. Weka ya zamani iwe ndiyo ya kawaida kwa grubby --set-default, halafu iite mpya kwa mara moja tu kwa grub2-reboot 0 (0 kwa kawaida ndiyo mpya kuliko zote, hakikisha kwa grubby --info=ALL). Ikigoma, unakata umeme kwa ipmitool chassis power cycle (amri ya kuidhibiti seva ukiwa mbali) na mashine inarudi kwenye ile ya zamani yenyewe. Kama seva iko kwenye chumba cha mtu mwingine na wewe uko mbali, hatua hii inakuokolea nauli.

Kama hakuna kerneli ya zamani inayowaka, itabidi uingie kwa flashi ya kusakinishia. Pakua ISO ya draiva ya megaraid_sas kutoka ELRepo, iandike kwenye flashi ya pili yenye lebo OEMDRV, chomeka zote mbili, na kwenye mstari wa kerneli ya flashi ya kwanza ongeza inst.rescue. Lebo hiyo inafanya draiva isomwe yenyewe. Ikikataa, ongeza inst.dd uchague kwa mkono. Angalia sana jambo moja: ISO ya draiva ilingane na toleo la flashi ya kusakinishia, si toleo la mfumo ulio kwenye diski. Flashi ya 9.4 na draiva ya 9.3 zitakupa orodha ileile tupu ya diski. Ukishaingia, chroot /mnt/sysroot (unaingia ndani ya mfumo ulio kwenye diski), fanya hatua za hapo juu ukiandika toleo la kerneli kwa jina, maana uname -r itakupa kerneli ya flashi.

Kwa mbele ya safari, una njia tatu. Ya kwanza ni kubaki Rocky na kuweka exclude=kernel* kwenye /etc/dnf/dnf.conf, ukiifungua pale tu kmod inapokuwa tayari. Inafanya kazi ila inadai nidhamu, na utachelewa viraka vya usalama. Ya pili ni kernel-lt au kernel-ml ya ELRepo, ambazo zinatokana na kerneli halisi ya Linux isiyofutwa namba hizo. Ya tatu, ambayo kwa R710 ndiyo ningeichagua, ni kuhamia AlmaLinux 9. Kuanzia 9.4 iliyotoka Mei 2024 wamerudisha vifaa kadhaa vilivyoondolewa, kwenye megaraid_sas na mpt3sas pia, na hivyo unaachana na kmod. Kuna skripti yao ya almalinux-deploy inayogeuza Rocky kuwa Alma bila kufuta. Lakini kabla ya kuwasha upya, tumia modinfo ileile kutafuta d00000079 kwenye kerneli yao. Ni sekunde chache.

Nikiwa bado kwenye H700: ukichomoa diski au kadi wakati wa kuchunguza, unaweza kukutana na "Foreign configuration(s) found on adapter". Hiyo ni kadi inasema imekuta maelezo ya RAID kwenye diski yasiyolingana na kumbukumbu yake. F inayaingiza, C inakupeleka kwenye menyu. Ndani ya menyu kuna Clear, usiiguse kama hujui diski zipi zilikuwa kundi gani. Na betri ya kadi ikiwa imekufa, mashine itawaka tu, ila kuandika kutapungua kasi kwa sababu kadi inahamia write-through, yaani inaandika moja kwa moja kwenye diski. Betri hiyo haihusiani na dracut yako, aliyekwambia ubadilishe amekupoteza.

Sasa 2950. Namba 0x00007f00 maana yake mchakato wa kwanza, init, ulitoka kwa kodi 127. Sababu imeandikwa mistari michache juu ya panic, lakini inapanda haraka na kupotea. Rekodi kioo kwa video ya simu, kisha isimamishe fremu kwa fremu. Utaona:

Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v2

Toleo la 9 la familia ya Red Hat limejengwa kwa prosesa za kiwango cha x86-64-v2, yaani zenye maelekezo ya SSE4.2 na POPCNT, ambazo kwa Intel zilianza na Nehalem mwaka 2008. Xeon za 5400 na chini yake kwenye 2950 zina SSE4.1 tu au hata hiyo hazina. Hakuna nomodeset, acpi=off wala kubadili RAM kutakakoleta maelekezo ambayo hayapo ndani ya chipu. Kwenye mfumo wowote unaowaka hapo, kagua kwa:

grep -o -w -E 'ssse3|sse4_1|sse4_2|popcnt' /proc/cpuinfo | sort -u

Panic hiyohiyo inatokea ndani ya mashine pepe za Proxmox kwenye seva nzuri kabisa, pale aina ya CPU ikiwa kvm64. Badilisha iwe host au x86-64-v2-AES. Kama mwenyeji ni Xeon 5500, hiyo ya AES itakataa kwa kuwa AES ilikuja na 5600, tumia host.

Kwa 2950 weka Debian 12. Haina masharti ya v2 na kerneli yake bado inazijua PERC 5/i na 6/i. AlmaLinux 8 itapita upande wa prosesa, ila hakikisha kwanza kwa modinfo kama kerneli yake inaijua kadi. Kusema kweli, kwa umeme inaokula na RAM zake za FB-DIMM zinavyochemka, 2950 naiona ya mazoezi tu.

Kama panic yako ingekuwa ya aina nyingine, ningesema tofauti. "VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)" mara nyingi ni initramfs haikuandikwa kwa sababu /boot imejaa. "Fatal machine check" ndiyo inayokupeleka kwenye vifaa: soma ipmitool sel elist, itakutajia sloti ya DIMM, kisha jaribu na prosesa moja na kipande kimoja cha RAM kwenye A1. Kioo kuwa cheusi baada ya GRUB huku mashine ikijibu ping ni draiva ya mgag200, weka nomodeset. Na seva ikiamka na tarehe ya miaka ya nyuma baada ya umeme kukatika, betri ya CR2032 kwenye ubao imeisha. Badilisha, halafu ingia BIOS uangalie mpangilio wa kuwaka haujarudi wa kiwandani.

Rocky 10 usiijaribu kwenye R710. Inadai v3, yaani AVX2, na X5650 haina hata AVX ya kawaida. Kwa sababu hiyohiyo MongoDB kuanzia 5.0 itakufa hapo na "Illegal instruction" hata mfumo ukiwa mzima. AlmaLinux 10 wana toleo la pembeni la v2, hilo litawaka.