Maziwa huanzia kichwani

Mtoto akilia tu, hata akiwa chumba kingine, nguo yangu inalowa. Kwa nini?

Kwa sababu amri ya kushusha maziwa hutolewa na ubongo. Mtoto anaponyonya, neva za chuchu hupeleka habari kupitia uti wa mgongo hadi haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo. Seli za huko huachia homoni ya oksitosini kwenye damu kupitia tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini yake. Ikifika kwenye titi, inabana vifuko vya maziwa. Baada ya muda ubongo huzoea dalili, kwa hiyo kilio peke yake kinatosha. Prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa yenyewe, haidanganyiki kwa kilio: hiyo hungoja mtoto anyonye.

Hizo seli zinajuaje wakati wa kufanya kazi?

Swali zuri, na jibu lake linatoka kwa panya. Watoto wa panya huning'inia kwenye chuchu muda mrefu, lakini maziwa hawayapati muda wote. Kila baada ya dakika kadhaa, seli za oksitosini za pande zote mbili za ubongo hufyatuka kwa pamoja kwa sekunde chache, kisha zinatulia. Sekunde kama 15 baadaye watoto wote, waliokuwa kama wamesinzia, hujinyoosha kwa mara moja na kuvuta kwa nguvu. Ndipo maziwa yameshuka.

Ajabu ni kwamba kwa panya hayo hutokea mama akiwa usingizini, tena usingizi mzito. Binadamu hahitaji kulala, wala sungura, ambaye hunyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika chache, akaenda zake.

Ili seli hizo zifyatuke pamoja, umbo la mahali zilipo hubadilika. Kwa kawaida zimetenganishwa na seli za glia, yaani seli saidizi za ubongo. Kipindi cha kunyonyesha glia hujivuta pembeni, na seli za oksitosini zinabaki zikigusana. Watoto wakiachishwa, glia hurudi mahali pake.

Wazee husema ng'ombe akishtuliwa hatoi maziwa. Ni imani tu?

Wazee wako sahihi. Mwaka 1941 watafiti wawili wa Marekani, Ely na Petersen, walimweka paka mgongoni mwa ng'ombe huku wakipasua mifuko ya karatasi kila sekunde 10. Baadaye waliona paka hahitajiki, wakamwondoa. (Paka naye, nadhani, hakusikitika.) Maziwa yalipungua, na sindano ya adrenalini, homoni ya hofu, ilileta matokeo yale yale. Maziwa yamo kwenye kiwele, ila hayashuki: adrenalini hubana mishipa ya damu, na hofu huzuia ubongo kuachia oksitosini.

Kwa binadamu pia. Mwaka 1948 ilichapishwa habari ya mama aliyesumbuliwa makusudi, pamoja na kutiwa miguu kwenye maji ya barafu, huku akinyonyesha. Mtoto alipata maziwa kidogo. Alipochomwa sindano ya oksitosini, yakashuka karibu kama kawaida. Kwa hiyo anayemfokea mama anayenyonyesha kwamba "hana maziwa" anaongeza tatizo analolalamikia.

Tangu nizae nasahau kila kitu. Kunyonyesha kunapunguza akili?

Mimi ningesema ubongo umepanga upya vipaumbele. Mwaka 2005 panya walipigwa picha za ubongo watoto wakiwa wananyonya. Maeneo ya raha na motisha yaliwaka. Dawa ya kulevya ya kokeini iliyawasha maeneo hayo kwa majike ambao hawajazaa, lakini kwa mama wanaonyonyesha iliyazimisha, na watoto ndio walioyawasha. Kusahau ulikoweka funguo kuna sababu nyingine ya wazi, nayo ni kuamshwa usiku kila mara.

Sijaona hedhi tangu nijifungue. Hiyo ni kinga ya mimba?

Ni kinga, ila ina masharti. Kunyonya hupunguza mapigo ya homoni ambayo haipothalamasi huyatuma ili kuamsha ovari. Mtoto akiwa chini ya miezi 6, ananyonya tu bila chakula kingine, mchana na usiku, na hedhi haijarudi, kinga hufikia asilimia 98 hivi. Akianza kulala usiku kucha bila kunyonya, usiihesabu tena. Tafuta njia nyingine.