Hewa haikuakisi kitu

Msomaji anauliza: lipi sahihi, "mwanga umepinda" au "mwanga umepindishwa"? Yote mawili. Mwanga hupinda uingiapo majini. Ukitaka kumtaja mtenda, maji ndiyo yaliyoupindisha. Tazama upondo wa ngalawa ukiwa nusu majini: utaapa umekatika. Ni mwanga tu uliobadili mwendo, kwani hewani huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde na majini kama 225,000. Ukivuka mpaka huo kwa mshazari, na njia yake hubadilika. "Umepinduka", ambalo nalo nimelisikia, ni la dau na gari.

Linalonichoma hasa ni "kuakisi", ambalo siku hizi hubebeshwa kila kitendo cha mwanga. Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote tukiuona Afrika Mashariki, ukakaa mwekundu kwa dakika 82. Nikasikia ikielezwa kwamba hewa ya dunia "iliakisi" rangi nyekundu. Haikuakisi kitu! Akisi tumeitoa katika Kiarabu, na asili yake ni kugeuza kinyume. Kinachoakisi hurudisha: kioo, bati jipya, maji yaliyotulia. Hewa ile iliupitisha mwanga.

Ufuate mwenyewe. Dunia imekaa kati ya jua na mwezi. Miale inayopita pembezoni mwa dunia inakutana na hewa, inapinda, na kuingia kwenye kivuli ambamo isingefika kwa kunyooka. Humo njiani molekuli za hewa zinaitawanya buluu huku na huko, karibu mara sita kuliko nyekundu. Ndiyo sababu mchana anga ni la buluu. Habari ya kwamba linaakisi bahari, ambayo watoto bado wanaambiwa, ni uongo mtupu. Nyekundu inayosalia ndiyo inayofika mwezini, na hapo, juu ya vumbi na mawe yake, ndipo kuakisi kunapofanyika kweli: mwezi unaturudishia. Mwanga unapinda, unatawanywa, unaakisiwa, kwa mfuatano huo. Mwenye kusema "kuakisi" kwa yote matatu hajamweleza msikilizaji lolote kuhusu ule wekundu.

Bajeti "inayoakisi" matakwa ya wananchi nimeizoea, siipigii kelele tena. Lakini kitabu cha fizikia kinachoandika kwamba hewa huakisi buluu kirudi kwa mhariri kabla hakijamfikia mtoto.