Kesi ya biashara iishie pale mwenye biashara anapokuna kichwa

Mkuu, umesema idara imekutaka uandike kesi za biashara za hapa nyumbani za kufundishia diploma, yaani mikasa ya biashara za kweli ambayo wanafunzi wanaisoma na kuijadili darasani, badala ya kuazima za Marekani, na kila ukiandika inatoka kama makala ya gazeti: fulani alianza na mtaji mdogo, akapambana, leo ana magari matatu. Umeuliza pia ziwe kurasa ngapi. Mimi nafundisha fedha na ujasiriamali chuoni na kesi nimeandika kadhaa, kwa hiyo nakujibu kwa ninavyofanya mwenyewe.

Ugonjwa umeshautaja: unaandika hadi mwisho. Mwanafunzi akishajua kwamba fulani alitoboa, hana tena cha kuamua, anabaki kusifia tu. Kesi ya kufundishia inasimama kabla ya uamuzi. Kuna mtu, ana cheo chake, ana siku ya kutoa jibu, ana njia mbili tatu ambazo kila moja ina mantiki, na taarifa alizonazo hazimtoshi. Hapo unakata. Alichoamua unakihifadhi, utawaambia mjadala ukiisha.

Ndiyo maana hata kampuni inayojulikana na kila mtu inaweza kuandikiwa kesi, mradi uchague siku yenyewe. Ukiandika M-Pesa ya leo umeandika tangazo. Lakini rudi nyuma kwenye majaribio yaliyoanza Kenya mwaka 2005. Huduma ilibuniwa ili wakopaji wa taasisi ndogo za fedha walipe marejesho kwa simu, na watu wakaanza kuitumia kutumiana hela. Sasa mweke mwanafunzi hapo, Machi 2007 haijafika na huduma haijazinduliwa: uendelee na marejesho ya mikopo uliyoyapangia, au ufuate kile wateja wanachofanya bila kutumwa? Hapo darasa litagawanyika.

Ila ushauri wangu, anza na biashara ndogo unayoweza kuifikia kwa bodaboda. Kesi ninayoipenda kuliko zangu zote ni ya mama mmoja mwenye kiwanda kidogo cha kukoboa na kusaga mahindi; yeye simtaji, wala mji wake. Anauza sembe kwenye maduka ya mitaani, kwa fedha taslimu au mali kauli ya wiki moja. Supamaketi ikamfuata: inataka tani 10 kila mwezi, malipo baada ya siku 60. Ukisikia juu juu ni neema.

Nilipokwenda kumhoji sikumuuliza changamoto zake ni zipi. Swali hilo linajibiwa vilevile nchi nzima: mtaji, umeme, kodi. Nilimwomba daftari la madeni. Aliyelipa amepigwa mstari, asiyelipa na hapokei simu amezungushiwa wino mwekundu, na kuna kurasa ambazo wekundu umezidi. Tukalipitia jina kwa jina, na kila jina lilikuwa na habari yake. Tulipofika kwenye supamaketi akaniambia, "Mwalimu, kusaga unga wao hakunishindi. Kinachonishinda ni Juni."

Juni ndiyo mahindi mapya yanaanza kujaa kwenye masoko ya nafaka kama Kibaigwa, Dodoma, na bei iko chini. Mwenye hela ananunua na kuweka ghalani. Asiye nazo atakuja kununua Januari, bei imeshapaa. Sasa piga hesabu. Tani 10 kwa mwezi, malipo baada ya siku 60, maana yake wakati wowote kuna tani 20 za unga zimeshatoka na hazijalipwa. Kwa shilingi 1,200 kwa kilo, hizo ni shilingi milioni 24 zimelala nje. Mahindi ya msimu atanunua na nini? Na akikataa, jirani yake mwenye mashine kubwa zaidi atakubali, kisha ataanza kumfuata mpaka kwenye maduka ya mitaani.

Kesi nzima ni hiyo. Aya ya kwanza ilisema tu kwamba meneja ununuzi anataka jibu Ijumaa saa kumi jioni, na mkataba uko kwenye mkoba wa mama haujasainiwa. Zilizofuata zikaeleza kiwanda, soko la unga, na wateja wake wa zamani. Hesabu zikaenda kwenye viambatisho. Kiambatisho kimoja kina mauzo ya pumba, nimekiweka bila kukisemea neno. Wengi wanakiruka. Mwaka fulani kijana mmoja anayefuga kuku ndiye aliyekidaka: anajua pumba zinauzwaje, akasimama akaonyesha kwamba ukisaga tani 10 zaidi za sembe na pumba zinaongezeka, na hizo zinalipwa hapo hapo mlangoni. Darasa likarudi kwenye hesabu upya. Taarifa za namna hiyo usizitafune kwa ajili yao. Weka na zisizo na maana pia; mfanyabiashara naye haletewi za maana peke yake.

Katika uandishi, jiepushe na sifa. "Mchapakazi", "mwenye maono", futa zote. Maoni yabaki kwenye vinywa vya wahusika, wewe eleza kilichotokea, kwa wakati uliopita. Kinachowashinda walimu wengi ni hiki hasa, maana tumezoea kuhitimisha.

Na kabla hujaandika kesi yenyewe, andika mwongozo wa mwalimu, hata wa nusu ukurasa. Unataka mwanafunzi atoke anaweza kufanya nini? Mimi nilitaka ajue kupima fedha iliyonasa kwa wadaiwa na kuilinganisha na msimu wa manunuzi. Kila aya isiyosaidia hilo niliitoa, pamoja na habari tamu kweli ya jinsi mashine ya kwanza ilivyonunuliwa. Iliniuma, lakini ingelivuta darasa pembeni.

Kurasa hazina idadi maalumu. Harvard Business School, shule ya biashara ya Marekani ambayo Wallace Donham aliiongoza kuanzia 1919 akiwa ni mtu aliyesomea sheria na kuizoea namna ya kufundisha kwa kesi, ilitoa kesi yake ya mwanzo mwaka 1921. Inaitwa General Shoe Company na ilikuwa ukurasa mmoja: wafanyakazi wa kiwanda cha viatu wanaacha kazi kabla ya muda wa kutoka, uongozi ufanyeje? Kwa diploma, kurasa tatu hadi tano pamoja na viambatisho zinatosha. Zikizidi hapo, nusu ya darasa litakuja halijasoma.

Suala la kibali usilichezee. Mwenye biashara asome rasimu na asaini kwamba ameruhusu ifundishiwe. Wengi wanahofu hesabu zao zitamfikia mtu wa kodi au mshindani, na ni haki yao. Badilisha jina na mji, na tarakimu za fedha zidishe zote kwa namba moja ile ile, ili uwiano ubaki ulivyo na siri ibaki siri. Ila usimwachie afute tatizo. Yule mama alitaka kurasa za wino mwekundu zitoke. Tukakubaliana majina ya wadaiwa yatoke, jumla ya deni ibaki.

Lugha: mahojiano fanya kwa Kiswahili na nukuu zake ziache hivyo hivyo, hata kama chuo kinakutaka uandike Kiingereza na tafsiri ikae chini yake. Mjadala ukipamba moto darasa lote linahamia Kiswahili tu.

Ukishampata mfanyabiashara wako, weka hapa aya ya kwanza na sentensi moja ya uamuzi unaomkabili. Tutakusaidia kuikata.