Jibu: Spika moja inakwaruza besi, nyingine twita (kispika kidogo cha sauti nyembamba) imenyamaza

Pole ndugu, na tafadhali usizitupe. Kwanza zima amplifaya, ubadilishane waya za kushoto na kulia. Ugonjwa ukihamia spika ya pili, spika zako ni nzima. Kagua amplifaya na waya.

Hiyo inayokwaruza, toa kitambaa cha mbele uguse sponji inayozunguka koni (sehemu inayotikisika kutoa sauti). Sponji ya miaka 20 mara nyingi humeguka vidoleni kama majivu, hata kama spika ilikaa tu. Kisha sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, ukitega sikio. Ikienda kimya, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imesalimika: bandika sponji mpya ya kipimo kilekile, na gundi uiache ikauke kabisa. Ukisikia msuguo, koili imeharibika au haijakaa katikati, na hapo kazi ni nzito zaidi.

Twita iliyonyamaza, chomoa waya wake mmoja upime omu (ukinzani wa umeme) kwa maltimita. Ya omu 8 husoma kama 6 hivi. Isiposoma kitu, koili imekatika. Ikisoma vizuri, mimi ningeshuku kapasita ya krosova (sakiti ya ndani inayogawa besi na sauti nyembamba). Weka kapasita isiyo na chanya wala hasi, maikrofaradi (kipimo cha kapasita) zilezile, volti zisizopungua. Badilisha za spika zote mbili, sauti zifanane.