Bega linalia "ka!" nikivuta nyavu

Kaka, umeuliza kwa nini bega la kulia linalia "ka!" ukivuta nyavu hapo Sahare, na kama kulikanda kwa maji ya moto kutatosha.

Bega linalolia bila kuuma kwa kawaida halina shida. Mara nyingi ni viputo vya gesi kwenye ute wa kiungo, au kano (kamba inayounganisha msuli na mfupa) inayoruka juu ya mfupa.

Lakini wewe umesema linauma ukiinua mkono usawa wa sikio, na usiku huwezi kulilalia. Hapo nashuku kano zinazozunguka kichwa cha mfupa wa mkono zimevimba au zimechanika kidogo; kuvuta kila siku huzichosha mno. Kama bega liliwahi kuchomoka, huenda gegedu (mfupa laini) la ukingo wa tundu lake ndilo limechanika. Eksirei huonyesha mifupa, kano haizionyeshi, kwa hiyo ukienda hospitali ya Bombo waulize kuhusu kipimo cha ultrasaundi.

Maji ya moto hulegeza misuli tu. Pumzika kuvuta wiki mbili tatu, ila usiliache bega bila kulitumia, litakakamaa. Funga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye kitasa cha mlango, bana kiwiko ubavuni, kisha vuta kwenda nje taratibu mara 10 hadi 15. Likiuma sana, punguza. Nafuu huchukua wiki 6 hadi 12, kwa hiyo usikate tamaa mapema.

Mkono ukiisha nguvu ghafla au ganzi ikishuka vidoleni, usisubiri, nenda hospitali. Na tafadhali sana kaka, usimruhusu mtu akuvute hilo bega.